Mtakatifu Mwenye Mabawa Kichwani

Wifi yangu Paulina tulimzika huku kwetu Fizi siku ya manyunyu, na kabla udongo haujakauka kwenye majembe nilikuwa nimeshagombana na msichana nisiyemfahamu. Tulikuwa jikoni, nyuma ya nyumba ya msiba, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ilikuwa mafigani. Kuni zilikuwa mbichi, jiko zima moshi. Yule msichana akapiga magoti, akajaza pumzi mashavuni, akainama apulize. "Usipulize!" nikapiga kelele, na kelele yangu ikafika hadi uani walikoketi waombolezaji. "Kamata mufuniko, upepee!" Akanyanyuka polepole, akajifuta jivu puani, akanitazama. Nilikuwa sijaambiwa bado kwamba huyo ndiye Esperansi wa Lubondja, mchumba wa mjukuu wangu. Lakini ule mtazamo wake niliujua vizuri sana, kwa sababu uliwahi kuwa wangu. Ndivyo nilivyomtazama mama mkwe wangu katika jiko hilohilo, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatupangia hata saa ya kuzima taa. Ukoo wangu na mambo ya utoto wangu nayaacha. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule mmoja tu, mwaka nilioposwa, ambao nusura niachane na mchumba wangu Anselmi kwa ajili ya kipande cha fedha chembamba kama ganda la kitunguu.

Nitangulize jambo moja ili msinilaumu baadaye: mimi ni mtu wa kushuku. Anselmi, Mungu amlaze pema, alizoea kusema kwamba mimi hata nikipewa maji ya kisima chetu wenyewe nayanusa kwanza. Ni kweli. Mtu akinichekea kupita kiasi, naangalia mikono yake imeshika nini. Basi siku Mama Tereza, mama yake Anselmi, aliponiita kwake baada ya posa kupokelewa, nilikwenda nikiwa nimefumbua macho yote mawili. Nyumba yao ilikuwa safi mno, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vya kamba, picha ya Bikira Maria ukutani na taa ya chemli kwenye kibao. Tulikula bugali na maharage yaliyotiwa mawese. Jikoni niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mwanamke yeyote wa Fizi: moto ulipolegea, Mama Tereza hakuinama kuupuliza. Alichukua mfuniko wa sufuria, akapepea kwa subira, huku kona ya kitenge ikiwa imeziba mdomo wake. Kabla ya kugusa kuni alikuwa amenawa mikono. Nani ananawa mikono ili ashike kuni? Niliuliza kama kifua kinamsumbua. Akasema, "Hapana, binti yangu. Njo vile mama yangu alitufundishaka." Nami nikaliweka jambo hilo akilini.

Baada ya chakula alifungua kikopo, akatoa uzi mweusi wenye medali, akanivisha shingoni kwa mikono miwili. "Hii njo Mutakatifu wetu," alisema. "Alilindaka mama yangu, akanilinda na mi, sasa atakulinda na we." Nikamuuliza ni mtakatifu gani. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na msimamizi wake na sikukuu yake, na walizijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Mama Tereza akaangalia mlangoni. "Mutakatifu tu," akasema. Niliporudi nyumbani niliigeuza ile medali juani. Upande mmoja palikuwa na uso wa mwanamume mwenye ndevu, masikio yenye hereni, taji kubwa kichwani, na juu ya taji mabawa mawili, na kati ya mabawa mwezi mwandamo na nyota. Upande wa pili palikuwa na kitu kama altare ndogo, miali ya moto ikipanda juu yake, na watu wawili wamesimama kulia na kushoto, wameshika mapanga yaliyoelekezwa chini. Maandishi yalizunguka, lakini hayakuwa ya Kifaransa wala ya Kilatini cha misale. Yalionekana kama nyayo za kuku kwenye matope. Ukingo ulikuwa umemeguka upande mmoja, na juu ya taji palitobolewa tundu la uzi. Msalaba sikuuona.

Mwezi uliofuata nikashuka Baraka, mji wa kando ya ziwa, kwa shangazi yangu Veronika nijifunze kushona kabla ya ndoa. Shangazi alikuwa mjane mwenye kifua kipana na ulimi mpana zaidi. Chumba alichonipa kilinuka ndakala, kwa sababu magunia ya samaki wakavu yalikaa humo pamoja nami, na kila asubuhi nilivaa gauni lenye harufu ya ziwa zima. Kazi yake ilikuwa kumpikia Bwana Rustamu, mfanyabiashara wa vitambaa na chumvi, mzee aliyezaliwa Ujiji ng'ambo ya ziwa. Watu walimwita Mhindi, lakini yeye alikataa akisema wazee wake walitoka Uajemi, wakapitia Uhindi tu. Ijumaa hakuonekana msikitini. Jumapili hakuonekana kanisani. Watoto wa mtaa walimpa jina la Bwana Usipulize, na sababu yake Shangazi aliieleza kila jioni, akivua viatu: "Ule muzee atanimaliza! Moto ikizimika, asema nisipulize. Taa, asema nisipulize. Nipepee, nipepee! Mikono yangu iko mashini? Na kule nyuma ya duka iko na taa mu sahani ya shaba, haizimwake, mchana na usiku. Anaitiliaka vijiti vya kunukia. Anasali nani?"

Mwaka ule lilikuwa swali zito. Baraka nzima ilikuwa na hofu ya batumbula, watu waliosemekana kuwakamata wenzao gizani, kuwafungia chumba cha siri na kuwanenepesha kwa ajili ya kuuzwa. Sikuwahi kumwona aliyekamatwa, na hata waliosimulia hawakumjua kwa jina. Daima alikuwa jirani ya shemeji ya mtu wa kijiji kingine. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo tulivyoambiana huku tukifunga milango jua likiwa bado linaonekana. Kwenye kisima, akina mama walimhesabia Bwana Rustamu dalili zake: hana mke, hana dini, hapulizi moto, chumba cha nyuma hakifunguliwi. Mimi nilisikiliza, nikasonga karibu zaidi. Sikuamini yote, lakini sikulitupa hata moja.

Shangazi aliiona medali siku nilipokuwa naoga uani. Niliitundika kwenye msumari, na nilipotoka nikamkuta ameishika mbali na mwili wake. "Mutakatifu gani hana musalaba?" akauliza. Kabla sijajibu akaigeuza. "Na huku? Bantu babili, mapanga mukononi, moto katikati. Banachoma nani hapa?" Nikamwambia ni ya Mama Tereza. Hapo ningenyamaza mambo yangeishia kwenye kicheko, lakini shaka ni kama chafya, haizuiliki. Nikamweleza na yale ya jikoni: mfuniko, kitenge mdomoni, mikono iliyonawiwa. Shangazi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Beko bamoja," akasema, sauti imeshuka. "Ule muzee wa hapa na bakwe zako ba kule juu. Banasalia moto. Binti ya kaka yangu, umeposwa na batumbula!" Akaapa kwamba lori la pamba likipanda Fizi atampelekea baba yangu ujumbe, posa irudishwe na mambo yaishe.

Nilimpenda Anselmi. Sioni aibu kuliandika hilo nikiwa na mvi. Alikuwa mwalimu kijana mwenye shingo ndefu na suruali iliyokunjwa vizuri, na alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza jambo na kisha kungoja jibu langu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kilikuwa shingoni mwangu kabisa. Nikataka kujua. Padri aliyekuja kutusalishia aliitazama medali, akavaa miwani, akaivua, akasema haikutoka katika Kanisa. Akanirudishia akiishika kwa ukingo kama mtu anavyoshika panya kwa mkia, akaniambia nisiivae kwenye komunyo. Nikampelekea jirani yetu Bibi Zaituni, mke wa mwalimu wa Kurani. Alipoona mwezi na nyota alifurahi, "Hii iko yetu, mwanangu!" Kisha akakutana na uso wenye ndevu, furaha ikamtoka. "Sura ya mutu? Hapana, hii haiko yetu. Irudishe kwa bakristo." Kila dini iliitambua kidogo, kisha ikaikana, nami nikabaki nayo.

Anselmi alipokuja Baraka kwa baiskeli, nilimkuta amekaa kwenye kiti cha Shangazi, kikombe cha chai mbele yake hakijaguswa, kwa maana Shangazi alikuwa amemsimamia kama askari. Nikamwuliza waziwazi mtakatifu wao ni nani. "Mama anasemaka ni mutakatifu, basi ni mutakatifu," alijibu. "We unaulizaka bamama zako maswali kama haya?" Nikasema ndiyo, naulizaga. Akasimama. "Unaniona mi mutumbula?" Nikamwambia, "Bado sijakuona." Nilikusudia ukweli tu, kwamba nahitaji kumwona vizuri kwanza, lakini maneno yalitoka vibaya. Alipanda baiskeli bila kunywa ile chai. Shangazi aliimwaga nje, asije mtu mwingine akainywa. Nililia katikati ya magunia ya ndakala mpaka nikashindwa kutofautisha chumvi ya machozi na ya samaki.

Kesho yake mchana nikamfuata Shangazi kazini. Alidhani nimekuja kumsaidia kuosha mchele. Bwana Rustamu alikuwa mezani nyuma ya duka, anakula wali na samaki, na nyuma yake, kwenye kishubaka kilichochongwa ukutani, ile taa ikiwaka katika sahani ya shaba. Hicho ndicho chumba kilichoogopwa na Baraka nzima: meza, kitanda, taa, na robota za vitambaa. Sikusalimia ipasavyo. Nikaweka medali juu ya meza, karibu na bakuli la pilipili, nikarudi nyuma hatua moja ili niwe karibu na mlango. Mzee akaacha kutafuna. Akainuka, akanawa mikono, akavaa kofia, ndipo akaigusa. Alisema Kiswahili cha Ujiji, taratibu. "Hii ni fedha ya wafalme wetu wa Uajemi, kabla Waarabu hawajafika kwetu na Uislamu. Huyu ni mfalme. Mabawa haya ni ya ushindi aliopewa na Mungu. Na hawa wawili hawachomi mtu, binti. Wanaulinda moto. Sisi Mungu hatumchongi sanamu. Tunasimama mbele ya mwanga wake, kama hawa. Na pumzi ya mtu ina mate, ndiyo maana hatuupulizi moto. Shangazi yako nimemwambia mara nyingi." Shangazi, aliyekuwa mlangoni na sahani, akaguna.

Nikaanza kupumua. Lakini mzee aligeuza upande ule uliomeguka, akauelekeza kwenye taa, na uso wake ukakakamaa. "Umeipata wapi?" akauliza. "Nyumbani kwa babu yangu Ujiji palikuwa na moja kama hii, imemeguka hapahapa, chini ya mlinzi wa kushoto. Ilikaa pembeni ya taa. Palikuwa na mtoto wa kike pia, aliyenunuliwa kutoka kwenye msafara, kazi yake kuzoa majivu na kuulisha moto. Siku moja mtoto akatoroka, na fedha haikuonekana tena. Babu alisema ameibiwa. Nyanya yangu hakusema neno mpaka akafa." Nikamsikia Shangazi akivuta pumzi. "Bezi!" akasema. "Na tena batumwa! Angalia mahali ulitaka kuolewa kule Fizi!" Nikaikwapua medali, nikaifumba kiganjani. Nilimshuku na yeye mzee, kwani fedha ni fedha, na mtu anaweza kutunga babu mzima kwa ajili yake. "Kama ni ya kwenu," nikamwambia, "niambie alama yake nyingine." Bwana Rustamu akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nimeshaiangalia pande zote, binti. Swali lako zuri, ila limechelewa."

Kisha akaniuliza yeye: hao watu wa Fizi, moto wao wanauwashaje? Nikamweleza nilivyoona. Mfuniko. Kitenge mdomoni. Mikono iliyonawiwa. Nikamweleza pia kwamba taa ya chemli Mama Tereza huishusha utambi mpaka ife yenyewe, na kwamba hakuna mtu katika nyumba ile anayejua sababu. Mzee alikaa. Wali wake ulikuwa umepoa. Alifuta macho kwa kitambaa cha kufutia mikono, bila kujificha, na mimi nikaona haya kwa ajili yake na kwa ajili yangu. "Mwizi huondoka na fedha," alisema baadaye. "Haondoki na adabu ya nyumba. Mtoto aliyetuibia asingeubeba moto wetu mpaka Fizi na kuwafundisha watoto wake. Nyanya alimvisha mwenyewe, akamfungulia mlango, akanyamaza. Sasa namwelewa." Nikafungua kiganja na kumnyooshea medali. Akaufunga mkono wangu kwa mkono wake. "Huko iliko inatunzwa. Mimi sina mtoto wa kumwachia." Tulipokuwa tukirudi nyumbani, Shangazi alisema, "Muchuuzi anakataaka feza? Iko na kitu anaficha." Hata mimi niliwaza hivyo, siwadanganyi. Lakini usiku ule Shangazi aliposali rozari alizima mshumaa kwa vidole vilivyoloweshwa, na wala hakugundua kwamba nilikuwa namwangalia.

Sikungoja ujumbe wake ufike Fizi. Nilipanda lori lilelile la pamba. Mama Tereza alikuwa jikoni peke yake, amekaa kwenye kigoda, anamenya mihogo, na moto ulikuwa umelegea. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na swali. "Mama, mama yako alikuwa anaitwaje kule Ujiji?" Kisu kikamponyoka. Alitazama mlango kama siku ile, safari hii nikaelewa alikuwa akiangalia kama kuna jirani. "Nani alikuambia?" akauliza. Kisha yakamtoka yote: "Alinunuliwaka. Alikuwa mutoto, hakujua hata kijiji yao. Alivuka na mutumbwi, batu ba misioni bakamupokea, bakaona kile kitu kwa shingo, bakamuuliza ni mutakatifu gani. Akasema ndiyo, ni mutakatifu. Angesema nini? Angesema ni feza ya tajiri wake, bangemurudisha. Na sisi tukasali nayo vile, miaka yote." Akapunguza sauti. "Hapa bantu banajua sisi tuko na ukoo. Sasa utaachana na mutoto yangu?"

Nilitaka kumuuliza kama mama yake alipewa ile fedha au aliichukua. Swali lilikuwa ulimini kabisa. Nilimwangalia yule mama mwenye uso wa majivu, aliyemficha mama yake nyuma ya mtakatifu asiye na jina, nikakasirika. Si kwa sababu yake, bali kwa sababu ya wote waliomfanya aogope mlango wake mwenyewe. Nikanawa mikono kwenye beseni. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikaziba mdomo kwa kitenge, nikapepea mpaka kuni zikashika. Mama Tereza akaokota kisu, akaendelea na mihogo. Jioni Anselmi alitukuta tunakula, akasimama mlangoni na baiskeli yake, akauliza kama sasa nimemwona. Nikamwambia aingie kwenye mwanga.

Shangazi Veronika alikuja harusini, akala vizuri, na mpaka anakufa alisema wale ni batumbula waliotubu. Bwana Rustamu alivuka kurudi Ujiji wakati wa uhuru na hatukupata habari zake tena. Tumekimbia vita mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na kila tulipokimbia ile fedha ilikuwa imeshonwa kwenye pindo la nguo yangu au ya Paulina. Baada ya Anselmi kufa tulibaki sisi wawili tuliojua habari yake. Wiki hii nimebaki mimi.

Kwa hiyo siku ya tatu ya msiba nilimwita Esperansi jikoni. Alikuja, hakuketi mpaka alipoona nimeketi. Sikumwambia ni mtakatifu. Nilimwambia habari yote, Ujiji, mtoto wa majivu, mtumbwi, bila kumficha neno mtumwa, nikamwekea ile fedha kiganjani. Aliigeuza. Alitazama uso, mabawa, mwezi, kisha moto na wale walinzi wawili. Akapitisha kidole kwenye ukingo uliomeguka. Nikangoja aseme asante, kama nilivyosema mimi bila kufikiri. Akainua macho, yaleyale ya siku ya kwanza.

"Bibi," akasema, "ule mutoto wa majivu alipewaka hii, ao aliiba?"

Nilicheka mpaka waombolezaji wakachungulia. "Sijui," nikamwambia. "Uliza tena kila mwaka." Kisha nikamvisha.